Kwa Nini Mtoa Dawa Alikukatalia

Tangu tulipomaliza mzunguko wa ukaguzi wa maduka ya dawa katika halmashauri yetu, ofisi ya mfamasia imekuwa ikipokea malalamiko ya aina moja: kwamba watoa dawa wameanza kuringa, wanadai cheti cha daktari kwa dawa ambazo mwaka jana walikuwa wakiuza bila kuuliza, wanakataa kuchoma sindano, wanakataa kusafisha vidonda, na mtu mwenye mafua yake ya kawaida anaambiwa akapange foleni zahanati. Tumeyasoma yote. Mengi yameandikwa kwa nia njema na baadhi yana hoja, hasa yale yanayotaja umbali wa kituo cha karibu, suala ambalo haliko ndani ya mamlaka ya ofisi hii lakini limewasilishwa panapohusika. Hata hivyo, sehemu kubwa ya malalamiko hayo inamlaumu mtoa dawa kwa kutenda lile alilofundishwa kutenda, na ni wajibu wetu kulisema hilo bila kuzunguka.

Lalamiko moja linatosha kuwa mfano. Mzee mmoja alifika kwenye duka la dawa muhimu jioni, suruali ameikunja hadi gotini, na kwenye kigimbi kuna matundu mawili madogo ambayo damu ilikuwa imeshakauka. Aliomba "rangi mbili" nne, yaani kapsuli za antibiotiki, dawa ya kuua bakteria: moja aipasue amwagie unga kwenye kidonda, tatu ameze. Binti aliyekuwa dirishani akamuuliza kidonda kimetokana na nini, naye akajibu kwamba ni mbwa wa jirani tu, mbwa anayejulikana mtaa mzima, wala si wa kuzurura. "Baba, dawa ya hicho kidonda hapa sina," binti akamwambia. "Bomba lile pale na sabuni hii hapa, osha kwanza, halafu uende hospitali ya wilaya leo hii, usilale." Familia iliandika kwamba mzee wao alifukuzwa dukani kama mtoto. Kwa maoni yangu, binti yule alistahili barua ya pongezi.

Kidonda cha kuumwa na mbwa hakipimwi kwa ukubwa wake. Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, na tundu la ukubwa wa punje ya mtama linatosha kukipitisha. Kidonda huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, muda ambao kwa mtu anayeumwa ni mrefu kuliko anavyodhani, kisha mgonjwa hufika mahali penye chanjo siku hiyohiyo. Chanjo hutolewa kwa awamu, siku ya kwanza inayohesabiwa kuwa sifuri, kisha siku ya 3 na ya 7, na baada ya hapo kulingana na njia ya uchomaji iliyotumika, na haipatikani katika kila zahanati, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa nauli. Dalili za ugonjwa huweza kuchelewa wiki au miezi, ndiyo maana watu hudhani wamepona, na zikishaanza, karibu hakuna anayenusurika. Mbwa kuwa na mwenyewe si kinga, chanjo ndiyo kinga, na kama haijulikani mbwa huyo alichanjwa lini, jibu ni kwamba hakuchanjwa. Asiuawe na kufukiwa kwa hasira. Afungwe mahali salama, afisa mifugo apewe taarifa, na mbwa aangaliwe kwa siku 10, huku mgonjwa akiendelea na chanjo bila kusubiri matokeo ya uangalizi huo.

Kuhusu unga wa kapsuli, naomba tuelewane mara moja. Dawa ya kapsuli imetengenezwa imezwe. Ukiimwagia kwenye kidonda, hugandamana na damu na kufanya gamba linaloficha uchafu na usaha chini yake, na kwa wenye mzio huweza kuleta vipele na uvimbe ambao mgonjwa huudhania kuwa kidonda kimezidi. Jeraha dogo la kisu au la kujikwaa linahitaji maji safi na sabuni, kubanwa kwa kitambaa safi hadi damu ikome, na swali moja: mara ya mwisho ulichomwa lini sindano ya pepopunda? Aliyeungua kwa uji au mafuta huwekwa chini ya maji ya bomba kwa takribani dakika 20. Dawa ya meno, unga wa ngano, yai bichi na asali ya dukani vyote tumeshavikwangua kwenye ngozi za watoto, na kazi hiyo humuumiza mtoto kuliko moto wenyewe.

Sasa turudi kwenye duka. Maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi ambayo wakati ule yalikuwa yakiuza karibu kila kitu chini ya kaunta. Mwafaka ulikuwa wazi: duka litaruhusiwa kuuza dawa nyingi zaidi kuliko lile la zamani, zikiwamo baadhi ya antibiotiki, kwa sharti kwamba anayetoa dawa amepata mafunzo na kwamba dawa za cheti zinatolewa kwa cheti. Orodha ya dawa hizo ipo, ina mwisho, na antibiotiki ambayo haimo ni ya famasi inayosimamiwa na mfamasia. Duka hilo si zahanati. Haliruhusiwi kuchoma sindano, kupima damu, kushona jeraha, kutundika dripu, wala kumlaza mtu kwenye benchi la nyuma "apumzike kidogo".

Wananchi huuliza: sindano ina ubaya gani ikichomwa na mtu mwenye uzoefu? Ubaya upo pale inapokwenda kombo. Sindano ya penisilini inaweza kumwangusha mtu mwenye mzio ndani ya dakika chache, na dukani hakuna dawa ya kumwokoa, hakuna oksijeni, wala hakuna wa kuitwa. Mtoto aliyechomwa pasipostahili kwenye tako anaweza kujeruhiwa mshipa wa fahamu, akabaki anaburuta mguu. Imani kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge ni ya zamani, na kwa maradhi mengi yanayoletwa dukani haina msingi wowote.

Jambo linalozua mabishano zaidi ni antibiotiki, nami nakiri kwamba hapa uvumilivu wangu hupungua. Mafua husababishwa na virusi. Amoksilini haiui virusi. Haikuviua mwaka jana ulipoinywa ukapona, kwa sababu ungepona vilevile ndani ya wiki moja au siku kumi. Kisha kuna "UTI sugu", jina ambalo siku hizi hupewa kila maumivu ya kiuno na kila uchovu, na kuna "malaria na taifodi" zinazokuja pamoja kama mapacha kila mtu anapopata homa. Maambukizi ya njia ya mkojo hupimwa kwa mkojo. Mtu anayemeza dawa ya tatu kwa UTI isiyopona hajapata UTI sugu. Amepata ama vimelea vilivyozoea dawa, ama ugonjwa mwingine kabisa ambao haujawahi kuangaliwa. Vyovyote iwavyo, dawa ya nne kutoka dirishani haitamsaidia.

Kuna pia ile lugha ya "nipe za buku". Antibiotiki haiuzwi kwa buku kama karanga. Dozi huhesabiwa kwa uzito, kwa ugonjwa na kwa siku, na mtu anayekunywa vidonge sita kati ya ishirini na kimoja huwa ameua vimelea dhaifu na kuvibakiza vile vilivyozoea dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliyaonya hayo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel: kwamba siku itafika ambapo dawa hiyo itanunuliwa na yeyote dukani, na mjinga atajipa kiasi pungufu. Makadirio ya kimataifa kwa mwaka 2019 yalihusisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ndizo zilizoumia zaidi kwa uwiano wa watu. Wiki ya uhamasishaji kuhusu usugu huo huadhimishwa duniani kila mwaka tarehe 18 hadi 24 Novemba, na mabango yake mmeyaona, lakini bango halimzuii mtu kumeza nusu dozi.

Homa nayo ipimwe. Dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, dozi ya pili ikifuata saa 8 baada ya ya kwanza, na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Haigawanywi na mgonjwa wa chumba cha pili, na haibakizwi "kwa ajili ya siku nyingine".

La kushangaza ni kwamba pale duka la dawa linapofanya kazi yake vizuri, wateja hawaridhiki. Mama anayekuja na mtoto anayeharisha, akapewa pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki, huona hajapewa dawa, akaulizia antibiotiki ya Flajili. ORS na zinki ndiyo dawa yenyewe. Pakiti moja hukorogwa kwenye lita moja ya maji safi, si kwenye kikombe, na kilichobaki baada ya saa 24 humwagwa. Zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya pili. Flajili ina kazi yake, lakini kuhara kwingi kwa watoto hakuihitaji. Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya kawaida, parasetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24, akikumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zimeshachanganywa na parasetamoli hiyohiyo. Diklofenaki ya kila siku kwa ajili ya mgongo hutoboa tumbo na kuchosha figo, na wanaoizoea hutufikia wakiwa wanatapika damu.

Kwa kuwa wengi wanadhani ukaguzi ni msako wa kutafuta rushwa, nieleze unavyofanyika. Wakaguzi hufika wakiwa na vitambulisho na barua, na mmiliki ana haki ya kuviomba kabla ya kufungua kabati. Huanza na ukuta: kibali cha biashara cha mwaka husika na cheti cha mtoa dawa aliyepo dukani saa hiyo, si cha dada yake aliye likizo. Hufuata rejista ya dawa za cheti, kisha stakabadhi za manunuzi, ambazo hulinganishwa na kilichopo kwenye rafu. Dawa yenye alama ya GOT ni mali ya serikali; ikikutwa dukani, suala hilo haliishii kwenye ofisi yetu, linakwenda polisi. Dawa iliyokwisha muda, isiyosajiliwa au isiyo kwenye orodha ya duka huorodheshwa kwa jina, idadi, namba ya toleo na tarehe, mmiliki na mkaguzi husaini wote wawili, na nakala moja hubaki dukani. Kulingana na uzito wa kosa, hatua huanzia onyo la maandishi, hupita kwenye kuzuia dawa zisiuzwe na kufunga duka, hadi kupendekeza kwa Baraza la Famasi kwamba kibali kifutwe kwa mujibu wa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na palipo na jinai, mahakamani. Sindano iliyotumika ikikutwa kwenye ndoo ya chumba cha nyuma, hakuna maelezo yatakayokubalika. Nasema haya ili mteja anayembembeleza mtoa dawa "nichome tu, sitasema" ajue anamwomba mwenzake aweke riziki yake rehani.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipelekwe kituoni kwa uchunguzi wa kifua kikuu, ambao katika vituo vya umma ni bure. Mtoto aliyeshindwa kunyonya, aliyelegea au aliyepata degedege asipitishwe dukani kwanza. Kwa anayetaka kuuliza kabla ya kutoka nyumbani, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Malalamiko yaendelee kuletwa, yakiwamo ya duka linalokuuzia antibiotiki bila kukuuliza chochote, ambayo hadi sasa hatujapokea hata moja. Yaletwe kwa maandishi katika ofisi ya mfamasia, siku za kazi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, yakitaja jina la duka, mtaa, tarehe na saa. Jina la mlalamikaji halipelekwi kwa mmiliki. Kama lalamiko linahusu dawa yenyewe, njoo na boksi lake au karatasi ya vidonge hata kama vimekwisha, kwa sababu bila namba ya toleo hatuwezi kuifuatilia ilikotoka, na dawa iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti haina namba.