Baridi yabisi inayokuja na kuondoka: ishike siku ileile

Umelala mzima. Saa tisa za usiku kifundo cha mkono kinaanza kuwaka, na alfajiri huwezi kushika kikombe wala kufunga kifungo cha shati. Kesho yake jioni uvimbe unapungua, kesho kutwa mkono uko sawa kabisa. Wiki tatu zikipita zamu ni ya goti, kisha bega. Kitabibu hali hii inaitwa rumatizimu ya palindromiki, kutokana na neno la Kigiriki palindromos, yaani kurudi mbio kule ulikotoka. Waliouchambua ugonjwa huu kwa mara ya kwanza ni madaktari Philip Hench na Edward Rosenberg wa kliniki ya Mayo, Marekani, na ripoti yao kamili ya mwaka 1944 ilihusu wagonjwa 34.

Hapa Mombasa kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, na lawama hutupiwa upepo wa kusi. Kusi haina hatia. Mashambulio haya huja hata katika joto la kaskazi, kwa sababu chanzo chake ni kinga ya mwili yenyewe kuvamia utando wa kiungo na tishu laini zinazokizunguka. Majimaji yanajaa na joto linapanda, halafu moto huo unazimika wenyewe. Gegedu na mfupa havidhuriki, ndiyo maana picha ya eksirei hutoka safi hata kwa mtu aliyeteseka miaka mingi.

Shambulio huchukua saa chache hadi siku tatu, mara chache wiki nzima. Hushika kiungo kimoja, viwili au vitatu tu: vidole, kifundo cha mkono, goti, bega, kifundo cha mguu. Wakati mwingine kinachovimba si kiungo bali nyama ya kando yake, kwa mfano nyuma ya kiganja au kwenye kano ya kisigino. Homa kwa kawaida haipo. Huwapata zaidi watu wazima wa miaka 20 hadi 50, wanawake kwa wanaume.

Tatizo kubwa ni kwamba ushahidi unaondoka kabla ya mgonjwa kufika. Mtu wa Mtongwe akivuka feri, akapanga foleni, akaambiwa kliniki ya viungo ni wiki ijayo, atamfikia daktari mkono ukiwa umepoa na damu imetulia. Anarudishwa nyumbani na panadoli, na pengine anaambiwa ni mawazo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza si dawa bali kumbukumbu. Piga picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha, mikono yote miwili ikiwa pamoja ili upande mzima uwe kipimo cha upande mgonjwa. Rudia kila baada ya saa sita. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Huenda ukaona weusi uliozidi au mng'ao tu. Basi tumia mgongo wa kiganja kupima joto la pande zote mbili. Andika kiungo gani, saa maumivu yalipoanza, saa yalipozidi, saa yalipoisha, na dawa uliyomeza. Kurasa za miezi mitatu zinamsaidia daktari kuliko maelezo ya kubahatisha.

Damu nayo itolewe siku ya shambulio. Vipimo vya ESR na CRP, vinavyoonyesha uvimbe mwilini, hupanda siku hiyo na kushuka mambo yakitulia. Viwili vingine havitegemei siku: RF na anti-CCP, vinavyotafuta kwenye damu kingamwili zinazougeukia mwili wenyewe. RF inaweza kuwepo kwa mtu mwenye kifua kikuu, homa ya ini, au mzee asiye na ugonjwa wowote. Anti-CCP haidanganyi kirahisi hivyo. Kama fedha inatosha kipimo kimoja tu kati ya hivyo viwili, mimi huchagua anti-CCP.

Kabla ya kukubali jina hili lazima mengine yaondolewe. Jongo hupenda kidole gumba cha mguu na bila dawa hukaa wiki moja hadi mbili. Asidi ya yuriki, ambayo fuwele zake ndizo huleta jongo, inaweza kupimwa siku ya shambulio la jongo ikatoka ya kawaida, kwa hiyo irudiwe baada ya wiki mbili. Jibu la uhakika ni kuvuta maji ya kiungo na kutafuta fuwele kwa darubini. Chikungunya, iliyoitikisa Mombasa mwaka 2004 na tena mwishoni mwa 2017 hadi 2018, huanza na homa kali, hushika pande zote mbili, na maumivu yake hukaa wiki au miezi. Mtu mwenye selimundu, ugonjwa ambao Pwani tunaujua vyema, huumwa mifupa zaidi, na historia yake huanzia utotoni. Anayekunywa maziwa yasiyochemshwa apimwe bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Mtoto ambaye maumivu yanamhama kiungo hadi kiungo baada ya kuumwa koo apelekwe haraka: hiyo yaweza kuwa homa ya baridi yabisi, inayoharibu moyo.

Na kiungo kimoja kikivimba, kikawaka, ukawa na homa na huwezi kukisogeza hata kidogo, usingoje kipoe chenyewe. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache.

Kwa kuwa shambulio huisha lenyewe, chochote kilichofanywa siku ya pili hupewa sifa: kuumikwa, mafuta ya nyonyo, sindano ya kemisi. Kuchuliwa taratibu kiungo kikishapoa sikukatazi. Kinachowaka usikikande wala usikitie maji ya moto. Funga barafu kwenye kanga, weka dakika 10 hadi 15, kisha pumzisha. Ninachokihofia ni prednisoloni, dawa ya steroidi, inayonunuliwa bila cheti kila maumivu yanaporudi. Hutuliza kweli, lakini hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, na huficha usaha.

Siku ya shambulio, mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo wala presha isiyodhibitiwa anaweza kumeza ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, na kuacha maumivu yakiisha. Mjamzito asimeze bila daktari, hasa kuanzia wiki ya 20. Mwezi wa Ramadhani dozi tatu hazipangiki. Muulize daktari kuhusu naproseni, ambayo mara mbili inatosha, baada ya futari na baada ya daku, na maji unywe ya kutosha usiku kulinda figo.

Mashambulio yakiwa ya mara kwa mara, daktari huanzisha haidroksiklorokwini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ndugu wa klorokwini ya malaria. Kiwango chake kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku: mtu wa kilo 60 asipite 300, na kwa kuwa kidonge ni cha 200, humeza kimoja leo na viwili kesho. Wengi huiacha mapema mno wakidhani haifanyi kazi, ilhali huchukua miezi mitatu, hata sita. Wengine huwashwa mwili kama zamani kwa klorokwini. Mwambie daktari, usiikatize kimyakimya. Macho yapimwe ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, mapema zaidi ikiwa figo ni dhaifu. Na haikukingi na malaria, chandarua kibaki palepale.

Theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa huishia kupata baridi yabisi ya rumatoidi, ile inayokula viungo. Wenye anti-CCP ndio walio karibu zaidi na njia hiyo, na sigara huongeza hatari, kwa hiyo iachwe. Dalili ya kugeuka ni hii: uvimbe hauondoki wote, vidole vinakakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, na siku nzuri kati ya shambulio na shambulio zinapungua. Uvimbe ukivuka wiki sita bila kuisha, usisubiri tarehe ya kliniki. Rudi na daftari lako wiki hiyohiyo.