Jiko la mkaa chumbani usiku: maswali tunayoulizwa kila baridi ikianza

Hii ni kwa wenzangu wa Makete na Njombe, na wa Lushoto, na ndugu zetu wa Limuru na Kinangop pia, maana Juni mpaka Agosti huku juu hali ni moja. Alfajiri sakitu imetanda nyeupe kwenye viazi, na zahanati tunaletewa familia nzima inatapika.

Hiyo gesi ya mkaa ni kitu gani?

Inaitwa kaboni monoksaidi. Inatokea kitu kikiungua bila hewa ya kutosha, iwe mkaa, kuni au mafuta ya jenereta. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ukiivuta inaingia kwenye damu inakalia siti ya oksijeni, na inang'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa hiyo unapumua vizuri tu huku ubongo na moyo vinakosa hewa.

Lakini mkaa ukishashika ukawa mwekundu, moshi umeisha, si ni salama?

Hapana. Hapana kabisa. Hili ndo linaloua watu, kwa hiyo nisome taratibu. Moshi unakuwasha macho ukaukimbia, gesi haikuamshi. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa gesi, na unaitoa usiku kucha. Wengi tunaowapokea walifanya kila kitu "vizuri", waliwasha nje, wakapepea na mfuniko, wakasubiri moshi uishe, wakaingiza jiko ndani, alafu gunia likasokomezwa chini ya mlango na nailoni ikapigwa dirishani ili joto lisitoke. Joto halikutoka, na gesi haikutoka.

Mbona bibi zetu walilala na moto ndani na wakazeeka?

Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, inavuja hewa kila upande. Wewe una tofali za kuchoma, siling bodi, dirisha la kioo, alafu unataka kulala kama bibi. Na kile kikohozi cha bibi na yale macho mekundu mliyozoea kuyaona, mnadhani vilitoka wapi?

Nikiweka sufuria ya maji juu ya jiko, si maji yananyonya gesi?

Hayanyonyi. Sijui nani alianzisha hii kitu ila imeenea mno. Utapata maji ya moto tu, ukibahatika kuamka uyaoge.

Na nikiacha dirisha wazi kidogo?

Saa nane usiku baridi ikikupiga utainuka ulifunge, tunajuana. Usiku jiko likae nje. Washa jioni mlango ukiwa wazi, pikeni, muote, na kabla mtu hajapanda kitandani jiko litoke nje na majivu yake yote. Kaa lililofunikwa majivu bado linaungua.

Kuishi juu milimani kunaongeza hatari?

Ndiyo. Uwanda wa Kitulo, huku kwetu Njombe, ni kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, oksijeni inayoingia kifuani ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na mtu wa Dar. Ndo maana mgeni anahema akipanda kamlima kadogo, hiyo kwa kawaida ni ya siku chache tu inapita (ila mwenye selimundu aongee na daktari wake kabla hajapanda huku). Sisi tumezoea, lakini akiba yetu ni ndogo, na gesi inaimaliza mapema.

Nitajuaje kama ni gesi na sio malaria?

Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu, mtu anaongea vitu havieleweki. Malaria haiwaangushi baba, mama na watoto usiku mmoja kwenye chumba kimoja! Ukitoka nje kichwa kinapoa, ukirudi ndani kinaanza tena, hiyo ni gesi. Na yule aliyerudi na ulanzi kichwani akajiwashia jiko akalala, asubuhi mnasema pombe imemzidi muacheni. Msimuache.

Tumemkuta hajitambui, tufanye nini?

Fungua mlango, mvute nje haraka, usikae ndani unatafuta viatu vyake. Mlaze ubavu. Kama hapumui na kuna mtu aliyefundishwa kukandamiza kifua, aanze, wengine mtafute usafiri wa kwenda kwenye kituo chenye oksijeni. Usiku huo huo.

Na maziwa, jamani, maziwa! Msimpe. Hayatoi gesi kwenye damu hata tone, na mtu asiyejitambua yatampalia yaingie kwenye mapafu. Msimfunike mkasema alale atapata nafuu asubuhi. Akipumua hewa ya kawaida gesi inachukua kama saa 4 mpaka 5 kupungua nusu tu, akipewa oksijeni ya mtungi kwa barakoa inashuka nusu ndani ya saa moja na kitu. Mkifika semeni kwanza: kulikuwa na jiko ndani. Kile kimashine cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu hakitofautishi gesi na oksijeni, kinaweza kusoma asilimia 98 mgonjwa anakufa, na ndugu wananiambia si unaona hewa ipo.

Ameshaamka, anaongea, bado tumlete?

Mleteni. Mjamzito ndo kabisa, maana mtoto tumboni anaumia kuliko mama na gesi inachelewa kumtoka. Na kuna wanaoonekana wazima, wiki chache baadaye wanaanza kusahau vitu na kubadilika tabia.

Mama katoka kujifungua, mtoto si atapigwa baridi bila jiko?

Mtoto akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia na soksi, blanketi juu yao wote. Hilo joto linatosha. Jiko chini ya kitanda cha mzazi hapana, hata mama mkwe akinuna.

Wanafunzi waliopanga magheto je?

Hao ndo wananinyima usingizi, chumba kimoja, vitabu, ndoo, jiko, na wanapikia humo humo. Mzazi ukimpelekea mahindi mpelekee na blanketi zito, na chupa ya maji ya moto ya kulalia, aifunge kifuniko vizuri na kuizungushia kitambaa asiungue. Na wewe mwenye nyumba uliyeziba matundu ya hewa juu ya dirisha kwa simenti eti panya, zibua leo, weka wavu.