Fonti nyembamba haichorwi kwa bikari

Mteja mwingine ameshangaa fonti nyembamba ya kijiometri, yaani yenye mistari myembamba, ichukue miezi, eti ni maduara na vijiti tu. Nimelichoka hili. Shika bikari, chora O ya duara kamili, iweke kando ya H yenye kimo kilekile. O itaonekana fupi! Ndiyo maana tunaivusha kidogo mistari ya kimo cha H, juu na chini. Chora T kwa mistari miwili yenye unene sawa, ule wa mlalo utaonekana mnene zaidi. Anayeamua ni jicho, si rula.

Ushahidi ninaoletewa kila mara, kwamba bikari inatosha, ni fonti ya Futura ya Paul Renner, iliyotolewa na kampuni ya Bauer ya Frankfurt mwaka 1927. Ni kweli michoro yake ya awali ilikuwa ya kijiometri kupindukia. Herufi ndogo r ilikuwa kijiti na nukta pembeni. Nyingi za herufi hizo ziliachwa. Itazame a au d ya Futura nene: duara linapoungana na kijiti, mstari umekondeshwa. Usingekondeshwa, pangekuwa na doa.

Sasa njoo kwenye wembamba. Tuseme kimo cha fonti nzima kimegawanywa vizio 1000, na unene wa kijiti ni vizio 20. Nikiivusha O kwa vizio 10, hiyo ni nusu ya unene wa kijiti. Kwenye bango, O inaonekana imeteleza. Nikirudi hadi 5, kwenye kichwa cha habari O inaonekana fupi. Vitabu vinaandika kana kwamba kipimo ni kimoja. Sijakiona kinachofaa saizi zote. Nachapisha, nabandika ukutani, natazama kwa mbali. Na ule mstari wa mlalo wa T, kuutoa 20 hadi 19, kuna anayeona? Nina shaka kweli, ingawa naupunguza.

Wala usiikondeshe fonti ya kawaida kwa kuizungushia mstari mweupe. Ncha zinaliwa pia, na herufi zote zinafupika.

Kuhusu matumizi: kwenye skrini ya kawaida, kwa herufi za pikseli 16, vizio 20 ni kama theluthi ya pikseli. Kwa kawaida skrini haiwashi theluthi ya pikseli, kwa hiyo weusi wako unatoka kijivu. Kiswahili kinaumia sana, maana kimejaa a, na a ya kijiometri ni o iliyoegemezwa kijiti. Kijiti kikififia, "kaa" inasomeka "koo" na "panda" inasomeka "pondo". Ndiyo maana kwenye fonti zangu naweka a ya pili, yenye mkunjo juu, na maandishi marefu ya Kiswahili nataka yatumie hiyo. Chini ya pointi 14, chukua unene wa kawaida. Herufi nyeupe juu ya nyeusi kwenye karatasi, anzia pointi 18, kwa sababu wino husambaa na kuumeza mstari.