Mvua imepiga, lakini mizizi bado ina kiu

"Bwana shamba, leo hatumwagilii, ardhi imeshiba." Juzi nimeambiwa hivyo tena, na mama mmoja wa Goba, hapa Dar es Salaam, baada ya mvua ya kwanza kukata kiangazi kirefu. Furaha yake naielewa. Usiku ule mimi mwenyewe nilikaa barazani nikisikiliza mabati. Lakini ardhi haikushiba. Nilishika jembe nikafukua kando ya nyanya chungu zake: juu pamelowa pingili mbili za kidole, chini yake mchanga unamwagika kama unga.

"Kumbe!" akasema.

Najua kwa nini watu wanakimbilia kufunga bomba. Mwishoni mwa 2021, mto Ruvu unaotupa maji ya bomba uliposhuka na maji yakawa ya mgawo, kila ndoo ilikuwa na hesabu yake. Basi tuhesabu. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa mita ya mraba. Mchanga wetu wa pwani ukiwa mkavu kabisa unataka kama milimita 30 ili ulowe hadi sentimita 30, tena kama hakuna tone lililopotea. Weka kopo lililonyooka kuta mahali pa wazi, asubuhi pima kwa rula. Milimita 8 ni lita 8, haifiki hata nusu ya ndoo ya lita 20 kwa kila mita ya mraba.

Na matone yanapotea! Hapa ndipo ninapochoka kurudia. Mchanga uliokauka muda mrefu hukataa maji. Mabaki ya mimea huacha utando kama nta kwenye chembe zake, na ukikauka sana, tone linakaa juu limeviringika kama shanga. Mvua ya kishindo inateleza hadi mtaroni na mboji yako juu yake. Mchanga wa namna hii unabembelezwa: mwaga kidogo, subiri robo saa, rudia, kisha funika kwa nyasi kavu. Kwa hiyo siku inayofuata mvua ya kwanza ndiyo siku bora ya kumwagilia, kwa sababu juu pameshaanza kupokea.

Vitabu huandika kana kwamba mchanga wote una tabia moja. Mama huyu ana matuta mawili yaliyopakana, samadi ileile. Moja linakunywa, jingine linakataa. Kwa macho siwezi kuyatofautisha. Nachimba.

Nyanya zilizoanza kuiva, chuma kabla mvua haijarudi. Tunda lililozoea kiu likijaa maji ghafla, ganda hupasuka.

Ule ukijani wa ghafla baada ya mvua, ambao wengi husema umeletwa na radi, msiipe radi sifa zote. Mchango wake ni mdogo. Udongo mkavu ukilowa, vijidudu vyake huamka na kuachia naitrojeni, chakula kinachokoza kijani cha majani. Mtafiti wa udongo H. F. Birch aliliandika hilo mwaka 1958, akifanyia kazi udongo wa huku kwetu Afrika Mashariki. Kwenye mchanga naitrojeni hiyo huoshwa upesi, kwa hiyo ukirundika yurea, mbolea ya naitrojeni, wiki hiyohiyo unalisha mtaro.

Jioni tulimwaga ndoo sita za lita 20 kwenye tuta linalokataa, la mita nne za mraba, kwa awamu tatu. Asubuhi mama akapiga simu: amefukua mwenyewe, mkono umezama hadi kifundoni, na vidole vimetoka na udongo mbichi.