Unyevu wa brashi ya kunyolea hukaa kwenye shina

Swali ninaloulizwa zaidi na wateja wa kinyozi changu kuhusu brashi ya kunyolea ni kama lazima itundikwe kichwa chini ili ikauke. Kwa maoni yangu si lazima. Maji yanayobaki baada ya kuikamua ni machache, nayo hushikiliwa na nywele zilizobanana pale zinapoingia kwenye gundi ya mpini, hivyo hayadondoki hata ukiitundika. Huondoka kwa kupeperushwa na hewa. Kwa hiyo mahali unapoiweka ni muhimu kuliko mkao wake. Katika bafu lisilo na dirisha, hasa huku pwani ambako hewa yenyewe ina unyevu, au ndani ya mkoba uliofungwa, ncha zitaonekana kavu ilhali shina bado ni bichi, na hapo ndipo ukungu na harufu huanzia.

Kabla ya kuianika, isuuze kwa maji ya uvuguvugu hadi yatoke bila povu, ikamue kwa kuibana kiganjani bila kuisokota, kwani kusokota hukata nywele shinani, kisha ikung'ute na kuipitisha juu ya taulo kavu. Maji ya moto sana huharibu nywele na kulegeza gundi. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi wataona utando mweupe usiotoka kwa kusuuza, ambao ni sabuni iliyoungana na kalsiamu. Kijiko cha siki katika glasi ya maji kitauondoa kwa dakika chache, mradi mpini usizame.

Nywele za nguruwe hunyonya maji na hukawia kukauka, kwa hiyo anayenyoa kila siku ni afadhali awe na brashi mbili za kupokezana. Nyuzi za nailoni hunyonya maji kidogo tu, hukauka upesi, na Waislamu wanaoepuka nguruwe huzitumia bila wasiwasi. Mimi mwenyewe ndizo ninazopendekeza.

Brashi ya zamani sana ya singa za farasi, kama ile ya kurithi, haiokolewi na kukaushwa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia brashi za singa zisizosafishwa ziliwaambukiza watu kimeta, hata Uingereza ikapiga marufuku brashi kutoka Japani mwaka 1920, na vijidudu vya ugonjwa huo hustahimili ukavu kwa miaka mingi. Hiyo usiipake usoni.