Mchezaji mbovu kuliko wote wa kriketi ya Testi: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Mashabiki wa kriketi wa Kampala, Entebbe na Jinja wana ubishi mmoja usioisha: ni nani mchezaji mbovu kuliko wote aliyewahi kuvalishwa kofia ya Testi? Ubishi wenyewe ni mtamu. Tatizo ni kwamba hukumu nyingi hutolewa kwa namba moja iliyochomolewa kwenye jedwali, bila kuuliza mchezaji aliitwa kufanya kazi gani, alipewa mechi ngapi, na wenzake waliocheza naye siku ile ile walipata nini. Majina yale yale hurudiwa mwaka hadi mwaka, na kadhaa kati yao wameonewa.

Testi ni mechi ya siku tano. Kila timu ina zamu mbili za kupiga, na siku moja hupangiwa ova 90 (ova moja ni mipira sita). Timu zenye haki ya kuicheza ni 12 tu. Afghanistan na Ireland ndizo zilizoingia mwisho, mwaka 2017. Uganda imekuwa mwanachama mshiriki wa Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) tangu 1998, na mechi zinazofuatiliwa zaidi hapa nyumbani ni zile za ova 20. Shabiki aliyelelewa na ova 20 huja kwenye Testi na vipimo visivyoifaa, na hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Dhana: Chris Martin wa New Zealand ndiye mbovu kuliko wote, maana alicheza Testi 71 akapata mikimbio (alama za mpigaji) 123 tu.

Namba ni za kweli. Wastani wake wa kupiga ni 2.36, alitolewa kwa sufuri mara 36, na katika mechi saba alipata sufuri zamu zote mbili. Lakini Martin hakuchaguliwa apige. Alikuwa mrushaji wa kasi aliyechukua wiketi 233 (wiketi moja ni mpigaji mmoja aliyetolewa), yaani wiketi zake ni nyingi kuliko mikimbio yake, na timu haimwachi mtu wa namna hiyo kwa sababu ya udhaifu wa gongo la kupigia. Kumwita mbovu ni sawa na kumlaumu golikipa kwa kutofunga mabao. Courtney Walsh wa West Indies alipata sufuri nyingi zaidi, 43, lakini wiketi zake ni 519, na hakuna anayethubutu kumtaja kwenye orodha hii. Pommie Mbangwa wa Zimbabwe naye huchekwa kwa wastani wa kupiga wa 2.00. Alikuwa na wiketi 32 katika Testi 15 kwa wastani wa mikimbio 31.43 kila moja, na hiyo ni kazi ya heshima katika timu iliyokuwa ikifungwa mara nyingi.

Inafaa pia kujua wastani wa kupiga unavyohesabiwa: jumla ya mikimbio hugawanywa kwa idadi ya mara mpigaji alizotolewa, si kwa idadi ya zamu. Martin aliingia uwanjani zamu 104, na katika 52 alibaki hajatolewa, mara nyingi kwa sababu mwenzake ndiye aliyeanguka wa mwisho. Mtu akigawa 123 kwa 104 atapata namba isiyo rasmi, kisha ataanza ubishi juu ya hesabu mbovu. Kasoro ya kipimo hiki huonekana upande wa pili pia. Andy Ganteaume wa West Indies alipiga zamu moja tu ya Testi, mwaka 1948, akapata 112, na hakucheza Testi tena. Wastani wake ni 112, juu ya ule wa Don Bradman wa 99.94. Hakuna anayesema Ganteaume alimzidi Bradman. Basi zamu moja mbaya nayo isitumike kumzika mtu.

Dhana: aliyeharibu mechi yake ya kwanza hafai.

Hapa ndipo penye uonevu mkubwa zaidi. Wanaotajwa sana ni wawili. Bryce McGain wa Australia, mrushaji wa kuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono, alipewa Testi yake Cape Town mwezi Machi 2009 akiwa na umri wa miaka 36. Alirusha ova 18, akatoa mikimbio 149 bila wiketi hata moja. Simon Kerrigan wa Uingereza, mzungushaji wa mkono wa kushoto, alichezeshwa uwanja wa Oval mwaka 2013. Ova zake mbili za kwanza zilitoa mikimbio 28, akamaliza na ova nane kwa 53. Wote wawili hawakuonekana tena kwenye Testi.

Kilichowapata kinaeleweka na yeyote aliyewahi kuzungusha mpira. Hofu hukaza vidole. Mpira ukiachiwa mapema humfikia mpigaji bila kudunda, na ukichelewa kuachiwa hudundia karibu na mrushaji kisha unampa mpigaji muda wa kuchagua pa kuupeleka. Mrushaji wa kasi aliyepoteza shabaha bado ana kasi ya kumlinda. Mzungushaji hana kinga hiyo, na nahodha anayemwondoa baada ya ova mbili asimrudishe humnyima nafasi ya kutulia. Kerrigan huyu huyu aliichukulia timu yake ya Lancashire wiketi tisa kwa mikimbio 51 katika zamu moja mwaka 2011. Uwezo ulikuwepo.

Sasa mweke pembeni yao Shane Warne. Katika Testi yake ya kwanza, Sydney, Januari 1992, alipata wiketi moja kwa mikimbio 150. Baada ya Testi mbili alikuwa na wiketi moja kwa 228. Colombo mwaka huo huo zamu ya kwanza akatoa 107 bila kitu, jumla mikimbio 335 kwa wiketi moja, na ndipo zamu ya pili akachukua tatu zilizoipa Australia ushindi. Alistaafu na wiketi 708. Kilichomtenganisha na McGain ni kipaji, ndiyo, lakini ni subira pia: Warne alikuwa na umri wa miaka 22 na wateuzi walikuwa tayari kungoja. Marvan Atapattu wa Sri Lanka alingojewa zaidi ya hapo. Zamu zake sita za kwanza, katika Testi tatu zilizoanza mwaka 1990, zilikuwa 0, 0, 0, 1, 0, 0. Alimaliza na mikimbio 5,502, zikiwemo zamu sita za mikimbio 200 au zaidi.

Kuna na Khan Mohammad wa Pakistan, ambaye namba zake za Kingston 1958 hutolewa kama ushahidi: ova 54, mikimbio 259, wiketi sufuri. Hiyo ndiyo mechi ambayo Garry Sobers wa West Indies alipiga 365 bila kutolewa. Kisichosemwa ni kwamba Mahmood Hussain aliumia baada ya mipira mitano tu, Nasim-ul-Ghani akavunjika kidole gumba, na mzigo wote ukaangukia waliobaki. Wastani wa Khan katika Testi zote 13 ni 23.92. Hiyo ni namba ya mrushaji bora kabisa.

Dhana: anayekaa muda mrefu bila mikimbio anaiangusha timu.

Katika ova 20, ndiyo. Katika Testi, muda ni mali. Danny Morrison wa New Zealand, mtu wa sufuri nyingi, alipiga mipira 133 mjini Auckland mwaka 1997 akapata 14 tu, huku Nathan Astle akifika 102 upande wa pili. Hawakutolewa, na mechi dhidi ya Uingereza ikaisha sare. Jack Leach wa Uingereza alihitaji mipira 17 kupata mkimbio mmoja huko Headingley mwaka 2019, na bila mipira hiyo 17 mwenzake Ben Stokes asingeipa timu ushindi.

Dhana: wastani mbaya wa kurusha unatosha kumaliza ubishi.

Unatosha kuuanzisha tu. Rubel Hossain wa Bangladesh ana wiketi 36 katika Testi 27, kila moja kwa mikimbio 76.77. Ni namba mbaya sana, na hakuna haja ya kuipamba. Lakini mechi nyingi za nyumbani za Bangladesh huchezwa kwenye pichi (ukanda wa katikati ya uwanja mpira unapodundia) zinazowapendelea wazungushaji, na mrushaji wa kasi hutumiwa kumaliza ung'avu wa mpira mpya ili wengine wavune. Tena mtu huyo huyo ndiye aliyeitoa Uingereza kwenye Kombe la Dunia la 2015, Adelaide, kwa wiketi nne. Sahihi ni kusema Testi haikumfaa.

Anayetaka kubishana kwa haki afuate utaratibu huu. Kwanza amtathmini mchezaji kwa kazi aliyoitiwa: mrushaji kwa wiketi, mpigaji kwa mikimbio, mlinda wiketi kwa mikono yake kabla ya gongo. Pili aweke kiwango cha chini, mathalani Testi 10, au mipira 2,000 kwa mrushaji. Chini ya hapo namba hupinduka kwa mechi moja. Tatu agawe mikimbio kwa wiketi apate wastani, kisha agawe mipira kwa wiketi aone ilimchukua muda gani kumtoa mtu, maana wapo wanaotoa mikimbio mingi lakini huvunja zamu haraka. Hatua ya nne ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo nzito: amlinganishe na wenzake wa timu ile ile na kipindi kile kile. Pichi zilikuwa zile zile, wadakaji wale wale, na wapinzani wale wale.

Ukifuata njia hiyo, jina linalobaki mezani ni la Mohammad Sami wa Pakistan. Alikuwa na kasi ya kutisha, na alianza kwa kuchukua wiketi nane katika mechi yake ya kwanza, Auckland 2001. Alipewa Testi 36. Alipata wiketi 85 kwa wastani wa 52.74. Shoaib Akhtar, aliyecheza naye miaka ile ile, ana wiketi 178 kwa 25.69. Sami aliilipia wiketi zaidi ya mara mbili ya mwenzake, na hakuna aliyemnyima nafasi. Ian Salisbury wa Uingereza, mwenye wiketi 20 kwa 76.95 katika Testi 15, anamfuata kwa karibu, ila yeye aliitwa na kuachwa, akaitwa tena na kuachwa tena, kwa hiyo kesi yake ni nyepesi kidogo.

Hakuna kati ya hawa aliyekuwa mchezaji mbovu kwa maana ya kawaida. Wangeweza kuzivuruga klabu zote za uwanja wa Lugogo, Kampala, kwa wiki moja.

Dhana: nyota wa ligi akishindwa kwenye Testi, basi hata huko kwenye ligi alibahatisha.

Graeme Hick alipata zamu 136 za mikimbio mia au zaidi katika mechi za daraja la kwanza (mechi za siku kadhaa za ngazi ya juu), na mwaka 1988 alipiga 405 bila kutolewa kule Taunton. Mtu habahatishi mara 136. Mzaliwa huyu wa Zimbabwe alisubiri miaka saba kupata haki ya kuichezea Uingereza, kisha akaanza mwaka 1991 dhidi ya warushaji wa kasi wa West Indies, Ambrose, Marshall, Patterson na Walsh. Alimaliza na wastani wa 31.32 katika Testi 65. Mark Ramprakash, mwenye mia 114 za daraja la kwanza, aliishia 27.32 katika Testi 52, ingawa dhidi ya Australia, timu ngumu kuliko zote wakati ule, wastani wake ulizidi 40. Hao wawili walipungukiwa na matarajio. Hilo ni jambo tofauti na ubovu.

Dhana: wateuzi wa zamani walichagua wasafiri tu.

Kwa sehemu, ni kweli wengine walikuwa wasafiri. Emile McMaster aliichezea Uingereza Cape Town mwaka 1889, akapata sufuri, hakurusha mpira, na hiyo ndiyo mechi pekee ya daraja la kwanza maishani mwake. Lakini safari ile haikupangwa kuwa ya Testi. Hadhi hiyo ilitolewa baadaye. Kumweka McMaster kwenye orodha hakumsaidii mtu.

Dhana: timu nzima ya Uganda ilitolewa kwa mikimbio 39, kwa hiyo wachezaji wetu ni wabovu kuliko yeyote wa Testi.

Mwezi Juni 2024, kwenye Kombe la Dunia la ova 20, West Indies waliitoa Uganda kwa mikimbio 39 huko Guyana, baadaye New Zealand kwa 40 huko Trinidad. Inauma. Lakini New Zealand wenyewe waliwahi kutolewa kwa 26 kwenye Testi mwaka 1955, West Indies kwa 27 mwezi Julai 2025, na India kwa 36 huko Adelaide mwezi Desemba 2020, kisha India wakashinda mfululizo ule 2-1. Katika mashindano yale yale, huko Guyana, Uganda waliwafunga Papua New Guinea kwa wiketi tatu, na Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova zake nne kwa mikimbio minne akachukua wiketi mbili.

Wengine huongeza kosa jingine kwa kuichanganya timu ya Afrika Mashariki ya Kombe la Dunia la 1975 na Testi. John Nagenda wetu alikuwemo, na timu ilifungwa mechi zote tatu, ikiwemo ile dhidi ya Uingereza ambayo Afrika Mashariki ilitolewa kwa 94. Zilikuwa mechi za siku moja za ova 60, na namba zake hazina nafasi katika hesabu za Testi. Na anayedhani kofia ya Testi peke yake ni ushahidi wa ubora atazame mechi ya ova 20 ya Windhoek, Novemba 2023: Zimbabwe, taifa la Testi tangu 1992, walipiga 136 kwa wiketi saba, na Uganda wakaifikia na kuipita wakiwa wamepoteza wiketi tano, mipira mitano ikiwa imesalia.