Malindi hadi Manda kwa ndege: kilomita ngapi, dakika ngapi?

Ukiuliza umbali wa kutoka Malindi hadi Lamu, dereva wa basi atakutajia zaidi ya kilomita 200. Rubani atakutajia 140 na kitu. Wote wawili wasema kweli: barabara yazunguka kupitia Garsen na Witu, ndege yakata moja kwa moja juu ya Ghuba ya Ungwana.

Hesabu ya rubani haihitaji kompyuta. Uwanja wa Malindi uko latitudo 3°14′ kusini na longitudo 40°06′ mashariki. Uwanja wa Manda, ulio katika kisiwa kinachotazamana na mji wa Lamu na ndio unaouhudumia, uko 2°15′ kusini na 40°55′ mashariki. Kila digrii ina dakika 60 (si hizi za saa), na dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani kilomita 1.852. Toa, utaona kwamba Manda iko maili 59 kaskazini na maili 49 mashariki ya Malindi. Zidisha 59 kwa 59, na 49 kwa 49, ujumlishe: 5,882. Kipeuo chake cha pili ni karibu 77. Hizo ndizo maili, sawa na kilomita 142 hivi.

Njia hii ya mkato twaipata kwa kuwa jirani na ikweta, ambapo dakika ya longitudo nayo ni karibu maili nzima. Huko London, digrii ya longitudo imesinyaa hadi maili 37 hivi badala ya 60, na kwa safari ndefu kama ya Nairobi hadi London ni lazima utumie hesabu za mviringo wa dunia.

Umbali haubadiliki, muda ndio wenye vituko. Tuseme ndege ndogo ya rafadha inakwenda maili 160 za bahari kwa saa. Gawanya 77 kwa 160, zidisha kwa 60: dakika 29. Lakini hiyo ni hewa ikiwa imetulia, na pwani hii hewa kutulia ni nadra. Kutoka Malindi kwenda Manda ni kuelekea kaskazini mashariki, kule kule inakotoka kaskazi. Ikivuma kwa maili 20, basi ni upepo wa mbisho, yaani wa kuja usoni: ndege inabaki na mwendo wa 140 na safari inakuwa dakika 33. Kurudi, upepo uleule unaisukuma, 180, dakika 26. Tazama vizuri: kwenda umepoteza dakika 4, kurudi umerudishiwa 3 tu. Upepo haulipi deni lote, kwa sababu unapokuwa wa mbisho unakaa nao kwa muda mrefu zaidi.

Muda wa kwenye tiketi huwa mrefu kuliko huo. Unahesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena, pamoja na kupanda angani na kujipanga kutua. Na angalia saa zenyewe: 08:00 ni saa mbili asubuhi, si saa nane.

Ukifika Manda bado hujafika Lamu. Kuna mizigo, kuna kushuka gatini, kuna boti ya kuvuka mlango wa bahari. Anayekupokea mjini mwambie saa ya boti, si saa ya ndege kutua.